Saa ya Mapumziko ni Haki, si Fadhila



Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, wazee wa milima hii ya Usambara walipewa kipande kilichowalazimisha kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Kipande kilipita. Swali lililobaki ni hili: je, anayefanya kazi leo kwenye chai, kwenye bustani za karoti na kabichi, au jikoni mwetu, ana saa yake mwenyewe?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inajibu kwamba anayo. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kila juma anastahili saa 24 za kupumzika, na akikubali kufanya kazi katika saa hizo, alipwe maradufu. Mama anyonyeshaye aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku kumnyonyesha mtoto wake.

Lakini sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kuilipia saa ya mapumziko, isipokuwa amemtaka mfanyakazi aendelee na kazi au awe tayari kuitwa. Hapo ndipo penye mtego. Kibarua alipwaye kwa kilo za majani au kwa matenga aliyobeba huona kila dakika ya kupumzika ni hasara. Hula kiporo chake amesimama, au hali kabisa. Naye mwajiri husema, “Mwenyewe hataki kupumzika.”

Hatuwezi kuikubali hoja hiyo. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapumziko yalingane na uzito wa kazi, na kwamba mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi ametendewa udhalimu, hata kama amekubali kwa kinywa chake. Aachaye chakula ili afikishe kilo za kutosha hajachagua. Njaa ya watoto wake imemchagulia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walizungumze jambo hili waziwazi, wakianza na sisi tunaoajiri, hata kama ni kibarua mmoja wa kupalilia au binti mmoja wa kazi za ndani. Bei ya kilo au ya tenga ipangwe ili aliyepumzika saa nzima arudi nyumbani na ujira unaotosha. Saa ya chakula itajwe siku ya makubaliano, mbele ya shahidi. Anayenyimwa haki asiachwe peke yake: asindikizwe kwa Afisa Kazi, au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, awe Mkristo au Mwislamu.

Torati iliamuru mtumwa naye apumzike siku ya Sabato kama bwana wake, hata ng’ombe na punda. Tusimpe jirani yetu pungufu ya hapo.