Daftari la wiki: Nani baharia?

Vijiweni Dar es Salaam siku hizi kila kijana ni baharia. Mwenye wapenzi watatu ni baharia, aliyemkwepa anayemdai ni baharia, hata salamu imekuwa "Vipi, baharia?" Sina ugomvi na lugha ya mtaani, maana huko ndiko maneno yanakopata damu mpya. Tena wana haki kiasi fulani: baharia ni mtu aliyetembea, haogopi, anajua kuishi na watu. Ila tumechukua ujanja wake tukaiacha kazi yake.

*

Kazi yenyewe itazame jahazi linapogeuza tanga. Msukani anapaza sauti. Mmoja anaachia demani, kamba ya tanga, wenzake wanaisimamisha wima foromali, mti unaobeba tanga, na kulizungusha tanga mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Akichelewa mmoja, upepo unaingia kinyume, tanga linagandamia mlingoti, na chombo chaweza kupinduka na watu wake. Wakati huohuo chini yupo anayeteka maji ya ngama, yaliyojikusanya ndani ya chombo. Abiria hawamuoni, na asipokuwepo hakuna kufika. Kufanya jambo kibaharia ndiko huko: kamba imekunjwa vizuri kabla haijahitajika, zamu ya usiku haisinziliwi, amri inatiiwa inapotoka.

*

Maneno ya chomboni yamehamia mbali. Mwaka 1498 Vasco da Gama alivuka kwenda India baada ya kupata rubani Malindi. Rubani wa leo anarusha ndege. Nahodha, neno tulilolipata kwa Waajemi, sasa anavaa kitambaa mkononi na kuongoza timu uwanjani. Wote wawili wamehama na heshima yao: rubani bado ni mwenye kujua njia, nahodha bado ni mwenye kubeba dhamana. Baharia naye anastahili kuhama na yake.

*

Tarehe 25 Juni ni Siku ya Mabaharia Duniani, inayoadhimishwa tangu 2011. Mwaka huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Mamia walikufa. Kila nikipita gatini siku za kuamkia Idi, watu wakisukumana na magunia na watoto, naikumbuka meli ile.

Kati ya sifa zote za baharia, naiweka mbele ile ya kusema "basi, chombo kimejaa" huku tajiri anataka nauli na abiria wanamtukana. Inahitaji moyo kuliko kukabili wimbi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, baharia akikuzuia kupanda, usimtolee maneno wala usimpenyezee noti. Rudi nyuma, ungoje chombo kingine.