Leza haijui lipi baka na lipi ngozi

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yameshika kasi na kazi za vikundi ndiyo hivyo tena, mnajua wenyewe. Leo nina hoja moja ambayo imebishaniwa sana huku hosteli tangu bumu liingie, nikaona bora niiandike kuliko kuendelea kupigiana kelele kwenye korido usiku wa manane.

Hoja yenyewe ni hii. Mwenzangu mmoja tunayekaa naye chumba kimoja (kaniruhusu niandike, ila jina hapana) ana baka la rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, kutoka chini ya jicho hadi shavuni. Kazaliwa nalo. Sasa kapata tangazo la sehemu moja mjini, eti wanaondoa alama za kuzaliwa kwa leza, ngozi zote, matokeo ya uhakika. Anataka kumwaga pale hela yote ya kujikimu. Chumba kikagawanyika. Kuna wanaosema abaki alivyoumbwa, kuna wanaosema aende hata kesho. Mimi nasema pande zote mbili zimeruka swali lenyewe. Kutaka kuliondoa ni haki yake, uso ni wake. Kinachonitisha ni maneno mawili tu ya lile tangazo: "ngozi zote".

Hebu tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Mwaka 1983 Anderson na Parrish, watafiti wa Marekani, walichapisha wazo kwamba ukichagua aina ya mwanga na kuupiga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi ukaacha majirani zake salama. Kwenye mabaka haya, kitu hicho ni melanini, ile rangi ya ngozi. Inameza mwanga, inapata moto ghafla, inavunjika vipande vipande, halafu mwili wenyewe unavisafisha taratibu. Ndiyo maana mtu hurudi mara kadhaa, tena kwa kupishanisha wiki au miezi.

Sasa kazi ipo hapo. Melanini hiyo hiyo ndiyo iliyotupa sisi weusi wetu! Mwanga ukitaka kulifikia baka lililo chini, lazima upite kwanza kwenye ngozi ya juu ambayo nayo imejaa melanini. Leza haina macho, haijui lipi baka na lipi ngozi. Kwa mtu mweupe njia iko wazi. Kwa mtu mweusi, mwanga usiofaa unaishia juu, unaunguza, na mtu anaweza kuondoka na doa jeupe au jeusi zaidi, au kovu, pale pale usoni. Aliingia na baka moja, anatoka na mawili.

Je, ina maana leza si yetu? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa "usijaribu kabisa". Melanini hupunguza kumeza mwanga kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka. Leza ya rubi hupiga nanometa 694, ya aleksandraiti 755, na ile ya Nd:YAG 1064. Hiyo ya 1064 haishikwi sana na ngozi ya juu, na inazama zaidi, kwa hiyo kwa mtu mweusi ndiyo yenye nafuu. Nimesema nafuu, sijasema haina hatari. Bado inataka mkono uliozoea ngozi nyeusi, nguvu ya kuanzia chini, na kujaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana.

Halafu mabaka yenyewe si ndugu wa baba mmoja. Lile la bluu kuzunguka jicho, ambalo linaitwa nevasi ya Ota kwa jina la daktari wa Japani aliyelieleza miaka ya 1930, liko chini kwenye ngozi na mara nyingi huitikia leza vizuri. Yale ya rangi ya chai ya maziwa ni wasumbufu, yanafifia halafu mengi yanarudi. Na mtu akiwa nayo sita au zaidi, daktari anapaswa kuangalia kama kuna ugonjwa wa kurithi nyuma yake. Baka jeusi lililoinuka, hasa kubwa, likaguliwe kwanza na daktari, maana leza inaweza kufuta rangi ya juu na kuacha seli chini, na mabadiliko mabaya yakajificha huko. Lile la bluu la mgongoni na makalioni kwa vichanga wetu wengi, hilo liacheni, kwa kawaida hufifia lenyewe utotoni.

Mnaona sasa? Tangazo linalosema "ngozi zote" bila kuuliza ni baka gani, mimi silipi hata mia.

Na tusidhani ni saluni za mjini tu zenye tatizo hili. Kile kipimo maarufu cha aina za ngozi cha Fitzpatrick, cha mwaka 1975, kilianza na aina nne za watu weupe tu. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari jijini London, Malone Mukwende, alishiriki kutoa kitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi kwa sababu masomoni alikuwa akionyeshwa ngozi nyeupe. Mwanafunzi, wadau! Mtu wa rika letu kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzangu, na kwa yeyote mwenye bumu la moto mfukoni: anza kwa daktari wa ngozi, si kwa mwenye mashine. Tunao waliosomea. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992. Uliza baka langu linaitwaje. Uliza mashine ni ya nanometa ngapi. Omba kuona picha za watu weusi kama wewe, za kabla na baada ya mwaka mzima, si za wiki mbili. Anayekasirika ukimuuliza, shika nauli yako urudi hosteli.

Na sisi walimu watarajiwa, tukienda mazoezi ya kufundisha tutakuta mtoto anaitwa "Baka" darasa zima. Huyo haihitaji leza ili tumwite jina lake.

Naomba kuwasilisha.