Kabla Hujapiga Windows

Msimu wa ripoti na tasnifu ukifika, kuna sentensi utaisikia vimbwetani, hosteli na kwenye foleni ya steshenari: "Laptopu yangu inajizima na kujiwasha yenyewe." Jibu lake nalo ni lile lile kila mwaka: "Kapige Windows." Laptopu inapelekwa kwa fundi, hela ya bumu inatoka, diski inafutwa, programu zile zile zinarudishwa, na baada ya siku chache mashine inaanza tena mchezo wake. Hapo mwanachuo hana hela, na sura ya nne ya tasnifu yake nayo haipo.

Mimi nasema ushauri huu umetugharimu vya kutosha. Kupiga Windows iwe hatua ya mwisho kabisa. Na kabla ya hapo kuna mshukiwa mmoja ambaye hatumhoji kwa sababu tunamwona ni mtu wa kwetu. Mshukiwa huyo ni antivairasi.

Hali ilivyo tunaijua. Flashi hapa chuoni zinazunguka kuliko daladala. Moja inatoka steshenari, inaingia maabara ya kompyuta, inaishia hosteli. Kwa hofu ya virusi, mtu anaweka antivairasi ya bure, anaongeza nyingine aliyopewa na rafiki, kisha ya tatu iliyokuja na programu fulani aliyoipakua. Anajiona yuko salama mara tatu. Kumbe ameweka walinzi watatu kwenye geti moja, kila mmoja akidai ufunguo ni wake na kila mmoja akimshuku mwenzake.

Tuelewane kidogo kuhusu kazi ya mlinzi huyu. Programu ya kawaida, tuseme ya kuandikia, ikianguka inafungwa yenyewe na kompyuta inaendelea. Antivairasi ni tofauti. Ili ikague kila faili kabla halijafunguka, sehemu yake hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Kosa likitokea huko, Windows husimamisha kila kitu ili data zisiharibike. Ile skrini ya buluu ndiyo taarifa yenyewe. Tatizo ni kwamba kwa kawaida Windows imepangwa kujiwasha upya mara baada ya kosa kama hilo, kwa hiyo wengi wetu hatuiwahi kuisoma. Tunaona giza, halafu nembo ya kampuni, halafu tunasema mashine imerogwa.

Sasa weka antivairasi mbili huko ndani. Faili moja likifunguliwa, zote mbili zinalidaka. Moja inaweza kuiona nyingine kama kirusi, maana tabia zao zinafanana: zote huchungulia mafaili ya watu na kuingilia kazi za programu nyingine. Ukiwa na bahati, mashine inakuwa nzito tu. Usipokuwa nayo, inajizima katikati ya sentensi unayoandika.

Wapo watakaosema natia chumvi, eti programu ya ulinzi haiwezi kuangusha kompyuta. Warudi Julai 19, 2024. Asubuhi ya siku hiyo, saa 1 na dakika 9 kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la sasisho. Faili lilihitaji taarifa ya 21 mahali ambapo programu ilikuwa imeandaliwa 20 tu. Kwa kosa hilo, kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka, na nyingi zikawa zinajiwasha na kuanguka tena bila kikomo. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha huduma. Kampuni ililiondoa faili lile baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilimhitaji mtu aende kuzishughulikia moja moja kwa mkono.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Aprili 21, 2010, sasisho la McAfee liliona faili halali la Windows XP, svchost.exe, likalihesabu kuwa kirusi. Kompyuta za maofisi na vyuo zikaanza kujiwasha upya mfululizo. Januari 2018 nayo, Microsoft ilizuia kwa muda masasisho ya usalama kwenye kompyuta ambazo antivairasi zake hazikuthibitishwa kupatana nayo, kwa kuwa baadhi zilikuwa zinasababisha skrini ya buluu. Kote huko mlinzi alikuwa mmoja tu, tena wa kampuni kubwa. Wewe unao watatu, mmoja umekrakiwa.

Basi kifanyike nini? Kwanza kabisa, toa nakala ya kazi zako. Mashine inayokupa dakika 10 za uhai, zitumie hizo kuhamisha tasnifu.

Pili, iache kompyuta iseme inaumwa nini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings za Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Siku nyingine ikianguka, skrini ya buluu itabaki na utaisoma. Ikitaja jina la faili linaloishia na .sys, lipige picha kwa simu, kisha tafuta ni la programu gani. Vilevile andika perfmon /rel uone kalenda ya maanguko. Kama yalianza siku uliyoweka antivairasi mpya, hapo una pa kuanzia.

Tatu, baki na mlinzi mmoja. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, ambayo kwa kawaida hujiweka pembeni yenyewe ikiona antivairasi nyingine imesajiliwa. Hizo nyingine hazina adabu hiyo kwa wenzao. Ziondoe, na kwa kuwa huacha mabaki ndani ya kiini, tumia kifaa cha kuondolea kinachotolewa na kampuni iliyoitengeneza. Ikigoma, ingia Safe Mode, ambako Windows huwaka na vitu vichache tu. Ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha kwanza unao ufunguo wake wa kurejesha, usije ukajifungia nje ya nyumba yako.

Nakubali, si kila kujizima ni antivairasi. Feni iliyojaa vumbi, RAM mbovu, betri iliyochoka na umeme wa hosteli navyo vina mchango wao. Ila ndiyo maana nasema tupime kwanza. Kama ni joto, kupiga Windows hakutapoza kitu. Na wapo wanaosema kufuta ni haraka. Ni haraka kwa fundi. Kwa mwenye data za fildi za miezi 2, haraka hiyo inaweza kumletea supu au kumwongezea mwaka mzima.

Kwa hiyo nina neno kwa serikali yetu ya wanafunzi. Tuna wanachuo wa kompyuta wanaohitaji uzoefu, na tuna wenzao wa sosholojia, ualimu na sheria wanaolipa kufutiwa kazi zao. Wakutanishwe. Mchana mmoja kila wiki, meza mbili, diski moja ya nje ya kuhifadhia nakala, na sharti moja: hakuna laptopu inayofutwa kabla sababu haijatafutwa na mwenyewe hajakubali. Maabara nazo ziwe na antivairasi moja inayosasishwa, na anayeisimamia ajulikane, badala ya kila anayepita kuongeza ya kwake.

Hilo halihitaji mfadhili wala kamati ya bajeti. Linahitaji tu tuache kuifanya kompyuta kama mgonjwa anayepewa dawa kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Ya kwako ikijizima leo usiku, okoa kazi yako, soma kilichoandikwa, hesabu walinzi wako. Fundi yupo tu, hata kesho utamkuta.