Mgeni Mwenye Kompyuta Si Mtalii

Ingekuwa mwaka 1983, ilipopitishwa Sheria ya Nguvukazi na wazururaji wakawa wanasombwa mijini kupelekwa mashambani, kijana aliyeketi chini ya mnazi saa nne asubuhi, kavaa kaptura na miguu kaichimbia mchangani, angekuwa na kazi kubwa ya kujieleza mbele ya mgambo. Hana jembe, hana duka, hana kitambulisho cha kiwanda. Leo kijana wa namna hiyo yuko Paje, yuko Jambiani, yuko Nungwi, na lau angeulizwa angeonyesha kompyuta iliyo mapajani mwake na kueleza kwamba yumo kazini: mwajiri wake yuko Berlin, mshahara wake unaingia benki ya huko, na mkutano wa idara yake unaanza baada ya dakika kumi.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Sisi tuliozoea kusaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu asubuhi twapata taabu kuamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya maana huku mawimbi yakimpigia kelele. Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga ofisi za Ulaya na Marekani, mamilioni ya wafanyakazi waliagizwa kufanyia kazi majumbani mwao, na ikadhihirika kwamba hesabu zilifungwa, barua zilijibiwa na programu za kompyuta ziliandikwa kama kawaida. Baada ya hapo wengi wao walijiuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeliuliza: ikiwa kazi yafanyika nyumbani, kwa nini nyumba yenyewe iwe kwenye baridi na theluji?

Nchi za visiwa hazikuchelewa kulisikia swali hilo. Mwezi Julai mwaka 2020 Barbados, chini ya Waziri Mkuu Mia Mottley, ilianzisha kibali cha miezi 12 kwa mgeni anayefanya kazi ya mwajiri wa nje. Ada yake ni dola 2,000 za Kimarekani kwa mtu mmoja na dola 3,000 kwa familia, na mwombaji sharti athibitishe kwamba kipato chake kwa mwaka hakipungui dola 50,000. Kodi ya mapato ya nchi ile hatozwi. Mauritius ikafuata mwaka huo huo kwa viza ya mwaka mmoja isiyo na ada. Februari 2021 kisiwa cha Madeira, kilicho chini ya Ureno, kikafungua katika mji mdogo wa Ponta do Sol mahali pa bure pa kufanyia kazi, ndani ya jumba la utamaduni lenye jina la mwandishi John Dos Passos, ambaye ukoo wake ulitoka huko.

Unguja haikuhitaji kutangazwa sana. Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na saa zetu zakaribiana na za Ulaya: tofauti yetu na Berlin ni saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Mwenye mwajiri New York ndiye mwenye taabu, kwa kuwa ofisi yake inapofunguliwa sisi twaelekea kwenye sala ya magharibi. Huyo humwona mchana akilala na usiku akizungumza peke yake barazani, na majirani wakamdhania mengine.

Yafaa tuwe waadilifu kwa mgeni huyu. Mtalii wa siku saba mara nyingi amekwisha kulipia chumba, chakula na safari zake huko huko kwao, na senti inayomfikia mwanakijiji ni ile ya kinyago na kilemba. Huyu wa miezi minne hununua samaki mnadani, hukodi baiskeli kwa mwezi, hushonesha kiatu kwa fundi na humjua muuza maandazi kwa jina. Wala hamnyang'anyi mwananchi ajira, kwa kuwa kazi yake haikuwapo hapa kabla hajaja, na akiondoka ataondoka nayo. Kwa upande huo sioni sababu ya kumnunia.

Ila hali hewani. Mtalii analala hotelini. Huyu analala nyumbani, na nyumba yenyewe imo kijijini, ilikuwa na mtu kabla yake. Hapo ndipo penye jambo ambalo maofisi yetu bado hayajalitazama sawasawa.

Mwalimu mmoja wa skuli ya pwani ya mashariki alinieleza habari zake bila kulalamika. Alipanga vyumba viwili karibu na skuli kwa miaka kadhaa. Mwenye nyumba akaezua makuti, akaweka bati, feni na choo cha kukalia, kisha akampangisha mgeni kwa dola. Sasa mwalimu analala mjini kwa nduguye, na kila siku ya kazi hupanda daladala alfajiri kufuata wanafunzi wake zaidi ya kilometa 40. Hamlaumu mwenye nyumba. Yeye mwenyewe, alisema, angeletewa kodi ya namna ile angefanya hivyo hivyo. Wala hamlaumu mgeni, ambaye pengine hajui kwamba chumba chake kilikuwa cha mwalimu. Lakini somo la saa za jioni alilokuwa akiwafundisha bure watoto wa darasa la mtihani limekufa, kwa kuwa gari la mwisho la kurudi mjini halimngoji.

Tusiseme kwamba kisa kimoja ni kisa kimoja tu. Tarehe 20 Aprili 2024 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika visiwa vya Canary, vilivyo chini ya Hispania, wakisema kwamba visiwa vyao vina kikomo. Visiwa vile vina watu wapatao milioni 2.2, na mwaka 2023 vilipokea wageni wa kigeni karibu milioni 14. Walioandamana hawakuwa maadui wa wageni. Wengi walikula mshahara wa utalii. Kilio chao kikubwa kilikuwa nyumba: zilizokuwa za kuishi zimegeuzwa za kupangisha kwa siku na kwa mwezi, na mhudumu wa hoteli hana pa kulala katika kisiwa alichozaliwa. Sisi hatujafika huko. Zanzibar, yenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Lakini wageni hao hawakutawanyika visiwa vizima. Wamejikusanya katika vijiji vichache vya pwani, na huko ndiko mwalimu, mkunga na polisi hupangiwa vituo.

Tena tuseme ukweli baina yetu. Nyumba nyingine zinazopangishwa kwa dola si za wavuvi. Ni zetu sisi watumishi, tulizozijenga kwa mikopo na kwa kujinyima. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi, na katika maana hiyo alikuwamo mtumishi wa serikali wa cheo cha kati na cha juu, kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama iliyokutana Zanzibar ililegeza masharti hayo, na sidai yarudishwe. Ninachosema ni kwamba ofisa atakayepewa jalada la suala hili ajiulize kwanza kama si mwenye nyumba Jambiani.

Sheria zetu zamjua mtalii, na zamjua mgeni anayekuja kuajiriwa au kuwekeza nchini. Huyu wa katikati hazimjui. Anaingia kwa viza ya matembezi ya siku 90, ambayo haikukusudiwa mtu wa kazi, na hulipa bima ya dola 44 iliyoanza Zanzibar Oktoba 2024, sawa sawa na anayekaa siku nne. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, anayekaa nchini siku 183 katika mwaka huhesabiwa mkazi kwa ajili ya kodi. Anayekaa pungufu huwa nje ya hesabu hiyo, ingawa ametumia maji ya kijiji msimu mzima.

Hapana budi apewe kibali chake mwenyewe, chenye ada isiyo ya aibu, na sehemu ya ada hiyo, itajwe katika sheria kwa asilimia, ijenge nyumba za walimu na wauguzi katika shehia anayokaa. Uhamiaji na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano. Ardhi na makazi ya Zanzibar ni ya Serikali ya Mapinduzi. Kwa hiyo ofisi za pande zote mbili zitalazimika kukaa meza moja, na isiwe kila upande wangojea barua ya mwingine. Wala tusijenge matumaini yote juu ya mgeni huyu. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Mwenye kompyuta angekuwapo wakati ule, angekuwa uwanja wa ndege kabla wiki haijaisha.

Kibali chahitaji muda na vikao. Iko kazi nyingine inayoweza kuanza Jumatatu bila fungu la fedha. Masheha wana madaftari ya wakazi. Iongezwe safu moja kwa kila mgeni anayepanga nyumba zaidi ya mwezi: nyumba ni ya nani, amelipa kiasi gani, na nani alikuwa akiishi humo kabla yake.