Sindano ya mafua wodini
Muuguzi aliyepata virusi vya homa ya mafua huweza kuambukiza wagonjwa takriban siku moja kabla dalili hazijajitokeza. Kwa hiyo kauli ya “nikiugua nitabaki nyumbani” hainishawishi hata kidogo. Chanjo yenyewe haikingi kikamilifu, tena hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, usumbufu, nakubali. Mwaka 2005 hospitali ya Virginia Mason, Seattle, Marekani, iliifanya sharti la kazi. Chama cha wauguzi kikalipinga sharti hilo mbele ya msuluhishi, kikashinda, ila wasiochanjwa wakatakiwa kuvaa barakoa. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 97 ya wafanyakazi walichanjwa. Mimi ningeanza kwa kuipeleka sindano wodini, hata zamu ya usiku, kabla ya kumtishia mtu kibarua chake.