Moshi Usioonekana

Juzi binti yangu alinijia na daftari lake la sayansi huku amenuna. Alikuwa ameandika kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dayoksaidi, ile gesi inayozuia joto lisitoke duniani. "Baba, lita yenyewe haifiki hata kilo moja! Hiyo nyingine yatoka wapi?"

Kusema kweli, nilibabaika kidogo. Ni kweli lita ya petroli ina uzito wa gramu 750 hivi. Tulichosahau sote wawili ni hewa. Ndani ya lita hiyo mna kaboni kama gramu 640, na kila gramu 12 za kaboni zikiungua hunyakua gramu 32 za oksijeni kutoka hewani. Chukua kalamu upige hesabu, utapata kilo 2.3. Dizeli hufika kilo 2.7 kwa lita.

Je, hesabu imekwisha? La hasha! Huo ni moshi wa ekzosi pekee. Kabla lita hiyo haijafika hapa Skuta, imekwisha kuchafua hewa njiani. Huko visimani, gesi inayotoka pamoja na mafuta mara nyingi huwashwa moto bure, na nyingine huvuja. Gesi hiyo ni methani, ambayo kwa miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huohuo. Kisha kuna kiwanda cha kusafishia, meli ya kutoka Ghuba, bomba la Mombasa hadi Nairobi, na lori linalohema kupanda huku kwetu Nyeri. Kwa makadirio ya kawaida, safari hiyo huongeza moja kwa tano hivi, wakati mwingine hata robo, juu ya ule moshi wa ekzosi.

Usifikiri tuliponea kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Moshi wake ulihamia ng'ambo tu, na anga ni moja. Hata mafuta ya Turkana, ambayo shehena yake ya kwanza iliuzwa nje mwaka wa 2019, yana nta. Yakipoa huganda, kwa hiyo sharti yasafirishwe yakiwa na joto. Joto hilo nalo lina gharama yake.

Basi asubuhi iliyofuata tulipofika steji, tulikuta matatu tupu ikinguruma, dereva akikanyaga mafuta, makanga akiita abiria. Binti yangu akanitazama. Nikamsogelea dereva, nikamwuliza kwa upole mbona asizime injini mpaka gari lijae.

"Mzee," akanijibu akicheka, "nikizima, nani ataamini naondoka?"