Nyanya zinavuka Nimule, pesa zake je?

Anayeishi Seoul, Korea Kusini, huzoea haraka kadi moja ndogo ya mfukoni. Kadi hiyo, T-money, ilianza mwaka 2004. Inalipia basi, treni ya chini ya ardhi na hata chupa ya maji dukani. Akisafiri hadi Busan, zaidi ya kilomita 300, anatumia kadi ile ile. Hatafuti chenji wala hagombani na kondakta. Akirudi nyumbani, hicho ndicho anachowasimulia wenzake kabla ya maghorofa.

Malakia, mtaa mkongwe wa Juba jirani na soko la Konyo Konyo, nako si gizani. Tangu 2019 kuna m-Gurush, huduma ya pesa kwa simu iliyobeba neno la Kiarabu cha Juba lenye maana ya fedha. Bodaboda zimejaa, na Kiswahili wanakijua wengi waliokulia Uganda na Kenya. Lakini raha hiyo ya simu inamsaidia zaidi mteja wa ndani ya nchi. Mfanyabiashara wa kuvuka mpaka bado anahangaika.

Nyanya zake zimepita Elegu na Nimule, zikamaliza kilomita 192 za lami hadi Juba. Anauza kwa pauni, anatafuta dola, kisha akifika Uganda anabadilisha tena kupata shilingi. Kila badiliko linamega faida. Kilichobaki anakifunga kiunoni na kurudi nacho kwa barabara ambayo mwaka 2021 madereva wa malori waliuawa, wenzao wakagoma kuingia Sudan Kusini.

Wapo watakaosema tatizo ni pauni kuyumba na dola kuadimika. Ni kweli, na simu haitaponya hilo. Ila kubeba maburungutu ya noti njiani ni hatari nyingine kabisa, na hiyo ina dawa.

Kadi ya Seoul haikushuka kutoka mbinguni. Ilikuja na mageuzi ya usafiri wa jiji, pale mabasi ya kampuni binafsi na treni vilipowekwa chini ya utaratibu mmoja wa nauli. Wakubwa walikubaliana, abiria akapumua. Hata kanda hii imewahi kufanya hivyo: mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipunguza gharama za simu za kuvuka mpaka.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Benki kuu za Juba, Kampala na Nairobi, pamoja na kampuni za simu, zinaweza kuanza na kiwango kidogo: muuza nyanya atume mauzo ya siku kwa kitambulisho kile kile anachoonyesha mpakani, akijua makato na bei ya kubadilisha kabla hajabonyeza kutuma.

Wafanyabiashara nao wasingoje kuitwa. Vyama vyao viandike kila safari kiasi kilichopotea kwenye kubadilisha fedha, kisha viende na daftari hilo kwa maofisa wa biashara. Hotuba za mtangamano zinapingika kwa hotuba nyingine. Daftari la hasara za soko la Malakia ni gumu kulijibu.